Je, Wajua? Ngamia wa Livingstone Mikindani

Je, wajua kwamba Machi 1866 David Livingstone alifika mlango wa mto Ruvuma na ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa na ndama wao, punda wanne na nyumbu wawili, wale chotara wa farasi na punda? Mikoko na tope viliwazuia kushuka, ikabidi wateremshwe ghuba ya Mikindani.

Farasi hakuwamo. Mbung'o hueneza nagana, na farasi hauwezi ugonjwa huo. Livingstone alitaka kuona ni mnyama yupi atakayewastahimili nzi hao, lakini jibu hakulipata. Askari wa Kihindi waliokabidhiwa wanyama waliwabebesha kupita kiasi na kuwapiga. Wanyama hao walipokufa, nani angejua kama ni nzi au ni fimbo?

Kinyume na walivyotendewa wanyama hao, mnyama mgeni hupumzishwa kwanza. Kwa mfano, farasi aliyenunuliwa karibuni aendelee na chakula alichokula kwa mwenyewe wa zamani, kisha abadilishiwe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, maana tumbo lake huvurugika upesi. Anayemlisha na kumsugua awe mtu yule yule, ili aizoee sauti yake. Kumpanda kungoje.