Sura ya Tano: Zima Data, Simu Iache

Ushauri mwingi wa kupunguza muda wa simu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye umeme usiokatika na intaneti isiyokwisha. Jiwekee saa mbili kwa siku, anaambiwa, zikiisha fungia simu kabatini. Mkulima wa mpunga wa Kamsamba, kule bondeni Rukwa, wilayani Momba, ataucheka ushauri huo. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wake wa pesa. Kwa simu anaulizia bei ya gunia Tunduma kabla hajapakia mzigo, na kwa simu anampata mnunuzi aliye ng'ambo ya Mto Momba, upande wa Kilyamatundu. Ukimwambia aiweke kando ili apate utulivu, umemwambia afunge biashara.

Na kuhesabu saa peke yake hakusaidii sana. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000. Waligundua kwamba matumizi ya vifaa vya kidijitali, yote kwa jumla, yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana mmoja na mwingine. Wapo waliofurahi kusikia hivyo, wakadhani simu imeachiwa huru. Mimi nasoma vingine: jumla ya saa inachanganya dakika tano za kutuma ada ya mtoto na saa tatu za kuperuzi gizani. Swali la maana ni simu imesukuma nini pembeni, na mara nyingi jibu ni usingizi.

Zamani skrini ilikuwa na mwisho. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na kwa miaka mingi baadaye vijana wengi waliangalia filamu kwenye kibanda umiza. Unalipa, unabanana na wenzako kwenye benchi, mkanda ukiisha mnatawanyika. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unapouvuta chini. Leo mitandao mikubwa karibu yote hufanya kazi hivyo: hakuna mahali pa kusema basi, imetosha. Raskin mwenyewe amekwisha kueleza majuto yake hadharani.

Kijijini mwisho uliobaki ni bando. Likiisha, kijana analala. Lakini bando nalo lina hila zake. Kifurushi cha siku kwa kawaida hufa baada ya saa 24 hata kama kina salio, kwa hiyo mtu anakesha akikimaliza ili hela yake isipotee bure. Tena kampuni zimekuwa zikiuza vifurushi vya usiku kwa bei nafuu kuliko vya mchana. Kwa kampuni ni hesabu ya kawaida, maana usiku mitambo haina foleni. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni mwaliko wa kuanza kuangalia video saa ambayo mwili wake unataka kulala.

Chukua kijana aliyejiunga saa sita usiku. Saa tisa bado macho kodo, saa kumi na moja anaamshwa kwenda kuamia ndege. Mpunga unapokomaa kwelea kwelea hawasubiri jua likolee. Huja kundi zima kama moshi. Yeye yuko juu ya dungu, kombeo mkononi, kichwa kimeinama. Hasara ya asubuhi hiyo haitaandikwa kwenye takwimu yoyote ya afya ya akili.

Wengine hutegemea kile kitufe cha kugeuza mwanga wa skrini kuwa wa manjano. Mwanga una madhara, ni kweli. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2015, waliosoma kwenye kifaa chenye mwanga kabla ya kulala walipungukiwa melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia. Ila walichelewa kusinzia kwa takriban dakika kumi tu kuliko waliosoma kitabu cha karatasi. Kinachoiba usiku ni ile video inayofuata.

Dawa inayomfaa mtu wa Kamsamba ipo mkononi mwake: kuzima data. Ukiizima, simu ya kawaida inapigika, ujumbe mfupi unaingia, na menyu ya pesa inafunguka kama kawaida kwa sababu haitumii intaneti. Kinachonyamaza ni magrupu, status na video. Unachotaka kukiangalia kipakue mchana, kisha ukiangalie data ikiwa imezimwa. Kitakuwa na mwisho. Usiku simu ilale chumba kingine, na kama kisingizio ni kengele ya kuamkia, simu ya kitochi ya zamani inaamsha vizuri tu.



Kwa mzazi mwenye kijana shuleni nina ombi moja. Kabla hujamnyang'anya simu, muulize huwa anajiunga kifurushi gani. Kama ni cha usiku, mwongezee hela anunue cha mchana.