Mmekaa Bega kwa Bega, Mbona Nauli Tofauti?

Mko kwenye ndege, Dar kwenda Mwanza, mnawahi send-off ya mdogo wenu. Mikanda imefungwa, mmependeza. Mara mwenzio anachungulia risiti yako: "Heee! Umelipa laki na nusu? Mbona mimi laki nne?" Basi tena. Saa nzima ni kununiana, kila mmoja anahisi amezungukwa.

Hakuna aliyemzunguka mwenzake. Wewe ulikata tiketi miezi miwili kabla. Yeye alingoja bosi amsainie likizo, akanunua juzi. Kwa shirika la ndege hao ni wateja wawili tofauti kabisa, hata kama wanakunywa juisi ileile.

Viti vya daraja la kawaida hugawanywa kwa mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake. La bei chee likiisha, linalofuata ni ghali zaidi. Sasa, marubani, ada za kutua, matengenezo na kodi ya ndege yenyewe hulipwa hata wakipanda watu kumi tu. Mafuta peke yake mara nyingi hula robo mpaka theluthi ya gharama. Abiria mmoja wa ziada haongezi gharama kubwa, kwa hiyo laki na nusu ni bora kuliko kiti kitupu. Nyanya zikibaki leo, mama wa sokoni atauza kesho. Kiti kikibaki, mlango ukifungwa kimeoza.

Mbona basi wasishushe bei dakika za mwisho, kama mama wa nyanya jioni? Kwa sababu anayekuja mwisho hana ujanja. Ana mkutano, au kafiwa. Hapo pa msiba, kwa kweli, panauma: mwenye machozi ndiye anayelipa nauli ya juu.

Hesabu yake iliandikwa mwaka 1972 na Kenneth Littlewood, wa shirika la Uingereza la BOAC. Chukua ile laki na nusu, gawa kwa laki nne, unapata asilimia 37.5. Kama uwezekano wa kumpata mteja wa laki nne baadaye unazidi hapo, kiti hakiuzwi rahisi, kinawekwa akiba. Mwaka 1985 American Airlines ilitumia kompyuta na hesabu za aina hii kupambana na People Express, bingwa wa nauli nafuu Marekani. Kufikia 1987 People Express haikuwepo tena.

Na sisi tulionja raha ya bei chee. Fastjet ilipoanza Novemba 2012, nauli zilianzia Sh 32,000 kabla ya kodi. Waliokuwa wanalala kwenye basi wakaanza kuruka! Mwishoni mwa 2018 ikaacha safari zake nchini.

Sasa nanyi wapenzi mnaopenda kukata tiketi pamoja, sikilizeni. Fungu la bei chee likiwa na kiti kimoja tu, ukiomba viwili kwa mpigo kompyuta mara nyingi huwapa vyote kwa bei ya fungu la juu. Angalia kwanza bei ya mtu mmoja, halafu ya wawili. Zikitofautiana, nunueni kimojakimoja. Ila mjue, safari ikifutwa mnaweza kupangiwa ndege tofauti, na huko send-off mmoja wenu atafika wakati keki imeshakatwa.