Ulinzi wa Mtandao Pasiwaya wa Nyumbani na Kosa la Methali

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kulinda mtandao pasiwaya wa nyumbani. Mawimbi ya ruta hayatambui ukuta wala kufuli. Jirani wa ghorofa ya juu huyapata kama unavyoyapata wewe. Akiingia mtandaoni mwako na kutenda uhalifu, anwani itakayoonekana ni yako. Kinga iliyopo ni usimbaji, yaani kuugeuza ujumbe uwe fumbo kwa asiye na ufunguo.

Mbinu ya kwanza, WEP, ilitolewa mwaka wa 1997. Kufikia 2001 wataalamu Fluhrer, Mantin na Shamir walikuwa wamebainisha udhaifu wake, na sasa huvunjwa kwa dakika chache. Zilifuata WPA (2003), WPA2 (2004) na WPA3 (2018). Ruta isiyojua zaidi ya WEP haina dawa; itupwe.

Hata hivyo, WPA2 ina mwanya unaotuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Kifaa kinapojiunga na mtandao, hubadilishana na ruta ujumbe mfupi wa kutambuana. Mdukuzi anaweza kuunasa ujumbe huo, akaenda nao kwake, na tarakilishi yake ikakisia nywila mamilioni ya mara pasipo ruta kujua. Tena haikisii ovyo: huanza na orodha za maneno, majina, tarehe na misemo mashuhuri. Mwanafunzi wa Kiswahili akitakiwa kuchagua nywila ndefu, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye methali. "Harakaharakahainabaraka" ina herufi 23, nayo yaonekana ngome. Lakini methali ni mali ya umma. Sifa ile ile tunayoitukuza darasani, kwamba imekaririwa na wengi, ndiyo inayoiponza hapa. Mshororo wa utenzi maarufu nao una ila hiyo hiyo. (Mimi mwenyewe nilikuwa na wangu; niliuacha shingo upande.)

Afadhali kufumba macho, kufungua kamusi mara tano au sita, na kuunganisha maneno yatakayoangukiwa na kidole, hata yasipoleta maana. Hasa yasipoleta maana. WPA3 huzuia ukisiaji wa mbali wa namna hii, kwani kila jaribio sharti lifanywe mbele ya ruta yenyewe. Kama ruta yako inayo, itumie.

Aidha, zima WPS. Nambari yake ina tarakimu 8, lakini mwaka wa 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua kwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Badilisha pia nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, ambayo mara nyingi huwa "admin" tangu kiwandani. Kuficha jina la mtandao si kinga, maana vifaa vyako vyenyewe hulitangaza vinapolitafuta. Mgeni naye apewe mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za leo huwa nao, ili tarakilishi yenye tasnifu yako isionekane kwake.