Kabla ya kununua taarifa za mtandaoni, uliza zimechotwa wapi

MFANYABIASHARA wa mchele au mbegu siku hizi anaweza kuletewa ripoti yenye michoro ya kupendeza, akaambiwa kuwa hayo ndiyo maoni ya wateja kutoka mitandao ya kijamii. Wengi hutazama michoro, wakalipa. Wachache huuliza taarifa zilichotwa kwa njia gani, na hapo ndipo fedha hupotelea.

Tuchukue mfano wa Twitter ya Marekani, ambayo tangu Julai 2023 inaitwa X. Kwa miaka mingi mtandao huo ulikuwa na milango miwili ambayo programu za kompyuta zilipitia kuchukua ujumbe wa watu.

Mlango wa kwanza ni wa kutafuta. Ni kama kuingia ghalani: unataja neno, unapewa ujumbe uliokwishaandikwa. Lakini ghala la bure lilikuwa na mzigo wa siku saba hivi tu, na wenye mtandao hawakuahidi kukupa magunia yote.

Wa pili ni wa mkondo, nao unafanana na mfereji wa umwagiliaji. Unaweka maneno yako mapema, yasiyozidi 400 katika mlango wa bure wa wakati ule, kisha kila ujumbe wenye maneno hayo unakufikia papo hapo unapoandikwa. Maji yaliyopita kabla hujafungua hayarudi. Ukiweka "mchele" ukasahau "mpunga", mazungumzo ya wakulima wakati wa mavuno yamekupita.

Faida ya mkondo ni kasi. Mwaka 2011 wataalamu wa USGS, idara ya Marekani inayofuatilia matetemeko ya ardhi, walieleza jinsi walivyofuatilia neno "tetemeko" kwa lugha mbalimbali kwenye Twitter. Katika miezi mitano waligundua matetemeko 48 na kudanganyika mara mbili tu. Robo tatu waliyagundua ndani ya dakika mbili. Anayechungulia ghalani mara moja kwa siku hawezi kasi hiyo.

Hata hivyo, katika kipindi hicho hicho idara hiyo iliorodhesha matetemeko 5,175. Mengi yalikuwa madogo au yalitokea mbali na watu, hivyo hakukuwa na wa kuandika. Mkulima asiye na simu ya intaneti naye hayumo katika ripoti yako, iwe ya ghala au ya mfereji.

Aidha, mfereji wa bure ulikuwa na kipimo: takriban asilimia moja ya ujumbe wote wa Twitter. Ukizidi hapo, unakatwa. Utafiti wa vyuo viwili vya Marekani uliochapishwa mwaka 2013, ukilinganisha ujumbe kuhusu Syria, ulikuta mkondo huo ulitoa wastani wa asilimia 43.5 ya ujumbe wote uliohusika.

Kwa hiyo muuzaji wa ripoti akuonyeshe mlango aliopitia, maneno aliyoweka na tarehe alizoanza na kumaliza. Ukitaka kujua wiki iliyopita walilalamikia nini, ghala linatosha. Ukitaka kufuatilia msimu mzima, mfereji ufunguliwe kabla ya kupanda.

Bei nayo ilibadilika mwaka 2023. Ngazi ya dola 100 kwa mwezi iliruhusu kusoma ujumbe 10,000 bila mkondo. Aliyetaka mkondo alitakiwa kulipa dola 5,000. Anayekuahidi mkondo kwa bei ya mfuko wa mbolea akueleze anaupata wapi.