Fahamu: Injini nzima, usukani wenye hatari

Anayenunua gari lililotumika Japani huanza na injini: hufungua boneti, husikiliza mngurumo, huchungulia moshi. Ni sawa, ila injini nzuri haisemi lolote kuhusu mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya usukani.

Kampuni ya Takata ya Japani iliwauzia Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine wengi mifuko hiyo. Ili ijae kufumba na kufumbua, Takata ilitumia nitrati ya amonia. Isipowekewa kikausha unyevu, kemikali hiyo huharibika polepole kwa joto na unyevunyevu. Siku ya ajali hulipuka kupita kiasi, kopo lake la chuma hupasuka, na vipande humchoma dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa katika ajali ambazo wangetoka wakitembea. Marekani peke yake, makopo yapatayo milioni 67 yaliitwa yabadilishwe. Takata iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2017.

Kwetu hili ni zito zaidi. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam kuna joto na unyevu uleule unaoiharibu kemikali hiyo, na gari likishavuka bahari, wito wa kiwanda unaweza usimfikie kabisa mmiliki mpya.

Ukiwasha swichi, taa ya mfuko wa hewa (SRS) iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imechomolewa kuficha hitilafu. Hata hivyo, taa haigundui kemikali iliyooza. Chukua namba ya chesi, iangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji, na gari likiwa limeitwa, mwone wakala wake kabla hujalipa.