KUOKA KIPANDE KIDOGO CHA NYAMA YA NG'OMBE KWA MTU MMOJA

Katika Bariadi, Maswa, Itilima na Meatu ng'ombe ni wengi, na wageni wakija mwenye nyumba hujua la kufanya. Lakini wako watu walao peke yao: mjane ambaye watoto wake wamekwenda Mwanza kutafuta kazi, mwalimu aliyepanga chumba kimoja, kijana alindaye shamba la pamba mbali na wazee wake. Watu hawa hununua nusu kilo, huitupa juu ya makaa makali, kisha hula nyama iliyoungua nje na mbichi ndani. Yafaa waelezwe njia iliyo bora.

Ng'ombe wetu wenye nundu hutembea mwendo mrefu kutafuta majani na maji, hasa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo minofu yao ni migumu na mafuta yake ni haba. Nyuzi ngumu zilizoshika nyama hazilainiki kwa moto wa ghafula. Hulainika kwa moto mdogo, wa muda mrefu, penye unyevu. Tena kipande kidogo hukauka upesi kuliko paja zima, maana moto hukifikia upesi kila upande. Basi, alaye peke yake asiige mapishi ya arusini.

Iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni tegu. Mtu mwenye tegu akijisaidia malishoni, mayai ya mdudu huyo hushika majani. Ng'ombe huyala, na ndani ya nyama yake hutokea vifuko vyeupe kama punje. Mtu alaye nyama hiyo isiyoiva hupata tegu naye, ambaye huweza kufikia urefu wa mita kadhaa tumboni. Hivyo nyama mbichi ya leo yaweza kuharibu ng'ombe wa mwaka ujao. Kila boma na liwe na choo, na kila nyama iive hata katikati.

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe usiiguse, hata ukiuziwa kwa bei ya bure: huenda ni kimeta, na jiko lako si dawa ya kimeta. Omba kipande kimoja cha nusu kilo, kisicho na mfupa, cha shingo, kidari au paja. Ukibahatika kupata nundu, chukua bila kusita, kwa kuwa ina mafuta yake yenyewe.

Kifute kipande kikauke, kipake chumvi, ukifunge kwa uzi safi kiwe kama mviringo. Tia vijiko viwili vya samli au mafuta ya pamba katika sufuria nzito. Yakipata moto, geuza nyama kila upande mpaka iwe ya rangi ya kahawia. Hapo ndipo utamu hupatikana, usifanye haraka. Ongeza kitunguu, nyanya moja na nusu kikombe cha maji ya moto. Funika sawasawa. Punguza makaa ya chini, weka machache juu ya mfuniko, ukaache kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Kila nusu saa geuza nyama, na maji yakipungua ongeza kidogo. Miti ya pamba haifai kwa kazi hii. Huwaka kwa kishindo na kuzimika upesi.

Nyama imekwisha kuiva kijiti kikipenya bila nguvu na ndani pasipo wekundu. Iondoe motoni, ikae dakika kumi, kisha uikate kwa kukingamana na nyuzi zake. Mchuzi uliobaki wafaa sana kwa ugali wa mtama.

Nusu kilo hupungua kwa robo au theluthi ikiokwa, lakini yaweza kubaki. Mwenye jokofu aiweke humo kabla ya saa mbili kupita, na kesho aipashe mpaka mchuzi utokote. Asiye na jokofu asiilaze sufuriani, maana joto la Bariadi huiharibu upesi. Na apeleke sahani kwa jirani ingali moto.