Uigaji wa Mtiririko wa Umeme kwa Tarakilishi: Maana, Utaratibu na Mipaka Yake

Utangulizi

Uigaji, katika uhandisi wa umeme, ni kuusawiri mtandao wa umeme ndani ya tarakilishi kwa njia ya hesabu, ili tabia yake ichunguzwe kabla ya nguzo kusimikwa au waya kuvutwa. Makala haya yanafafanua jinsi programu za uigaji zinavyofanya kazi na kubainisha kwamba ubora wa jibu lake hutegemea ukweli wa data zaidi ya wepesi wa tarakilishi.

Kiini cha Tatizo

Mtandao wa usambazaji ni hatua ya mwisho ya safari ya umeme. Nchini Kenya, nyaya za usambazaji hubeba volti 33,000 au 11,000, kisha transfoma za mitaani huzishusha hadi volti 240 zinazoingia nyumbani. Kila waya una ukinzani, yaani tabia ya kuuzuia mkondo. Kwa hivyo volti hupungua njiani na sehemu ya nguvu hupotea ikiwa joto. Ndiposa nyumba iliyo mwisho wa laini huweza kuwa na taa hafifu jioni, majirani wote wanapowasha vyombo vyao.

Mhandisi hutaka kujua kila mteja atapata volti ngapi. Swali hili hujizunguka lenyewe: volti hazijulikani mpaka mkondo ujulikane, na mkondo haujulikani mpaka volti zijulikane. Suluhisho ni kukisia, kukokotoa, kusahihisha na kurudia.

Mfano

Tuchukue chanzo cha volti 240, nyaya zenye ukinzani wa omu 0.4 kwenda na kurudi, na mzigo unaohitaji wati 6,000 daima. Tukikisia kwamba mteja anapata volti 240, mkondo utakuwa ampea 25. Mkondo huo hupoteza volti 10 njiani, hivyo mteja hubaki na 230. Kwa volti 230, mkondo hupanda hadi ampea 26.09 na mteja hubaki na volti 229.57. Marudio yanayofuata hutupa 229.55, na baada ya hapo jibu halibadiliki kwa kiwango cha maana. Nguvu inayopotea ni takribani wati 273.

Mzigo ukiongezwa maradufu hadi wati 12,000, mteja hupata volti 218, nao upotevu hufikia takribani wati 1,212. Mzigo umeongezeka mara mbili, upotevu zaidi ya mara nne. Aidha, mzigo ukizidi wati 36,000 hesabu haina jibu lolote, kwa kuwa nyaya hizo haziwezi kuufikisha, ingawa fyuzi ingekatika mapema zaidi.

Programu Yenyewe

Mfano huo una mteja mmoja; mtandao halisi una maelfu. Hapo ndipo programu kama OpenDSS zinapohitajika. Uundaji wake ulianza mwaka wa 1997 katika kampuni ya Electrotek Concepts nchini Marekani. Taasisi ya utafiti wa umeme ya EPRI iliichukua mwaka wa 2004, na mwaka wa 2008 ikaitoa kwa umma bila malipo.

Mtumiaji huandika amri zinazofanana na sentensi: kitenzi, jina la kifaa, kisha sifa zake. Hueleza chanzo, nyaya, transfoma na mizigo, halafu huagiza hesabu ifanywe. Programu hurudia hesabu hadi tofauti baina ya jibu jipya na lililotangulia iwe chini ya 0.0001. Isipofaulu katika marudio 15, ambayo ndiyo idadi ya kawaida, hutangaza kwamba suluhisho halikupatikana. Tangazo hilo huenda likawa dalili ya kosa la uandishi, au onyo kwamba mtandao umelemewa.

Mipaka Yake

Wahenga walinena kwamba upandacho ndicho uvunacho. Programu haimjui mteja aliyejiunganishia umeme kinyemela, wala transfoma iliyobadilishwa bila kuandikwa. Ikilishwa orodha ya zamani, itatoa jibu lenye desimali nyingi lakini lisilo kweli, na mtaa unaohitaji transfoma kubwa utaachwa gizani. Kwa sababu hiyo, mhandisi makini hulinganisha matokeo na vipimo vilivyochukuliwa kwenye nguzo.

Suala la Istilahi

Katika mazungumzo ya kawaida, kauli kwamba "nguvu za stima zimepungua" huweza kumaanisha kupungua kwa volti, mkondo au nguvu yenyewe. Katika mfano wetu, volti zilipungua ilhali mkondo uliongezeka. Asiyezitenga dhana hizi hawezi kuufahamu uigaji.

Hitimisho

Imebainika kwamba programu ya uigaji hukisia na kujisahihisha kwa haraka, na kwamba jibu lake haliwezi kuwa kweli kuliko data iliyopewa. Imedhihirika pia kuwa Kiswahili kina maneno ya kuieleza taaluma hii: mkondo, ukinzani, mzigo, upotevu, mtiririko. Jukumu la wanaisimu ni kuyapa mipaka iliyo wazi, ili fundi, mhandisi na mteja wa mwisho wa laini wazungumzie jambo moja.